Hosteli Ikifungwa, Nani Anambeba Nani?

Siku ya mwisho ya mitihani ya Julai, geti la Hosteli ya Mabibo jijini Dar es Salaam huwa na shughuli kama Soko la Karume. Magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba za manila, ndoo zimejaa vyombo, masufuria yameviringishwa ndani ya khanga. Bajaji zimepanga foleni na bei imepanda tangu asubuhi. Jiko la koili, lililokuwa likifichwa chini ya nguo kila warden alipopita kukagua, sasa linatoka hadharani kwapani mwa mwenyewe. Vyumbani, mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wanakabidhi: kitasa kipo, taa inawaka, kitanda ni kizima, weka sahihi, acha ufunguo.

Wengi wanaelekea Mbezi, kwenye stendi ya mabasi ya mikoani. Lakini anayekaa pale getini kwa saa moja ataona bajaji ambazo haziendi Mbezi. Zinakata kwenda Msewe, Changanyikeni, Sinza au Kimara, nyingine mpaka Mbagala. Abiria wake hawaendi likizo. Wanahama tu, na baadhi yao hadi wanapanda bajaji bado wanapiga simu kuuliza nani ana nafasi.

Kuna neno la vyuoni linaloeleza maisha haya kuliko waraka wowote wa uongozi: kubebana. Asiyepita chuo kikuu Tanzania huenda halijui kwa maana hii. Vitanda vya hosteli havijawahi kutosha, kwa hiyo aliyepata kitanda humbeba aliyekosa. Wawili wanalala mzungu wa nne kwenye godoro la mtu mmoja, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na mwenye kitanda anaomba Mungu ukaguzi usifanyike usiku. Uongozi unapiga marufuku, wanafunzi wanaendelea. Wakenya nao wana jina lao: anayeishi chumbani kwa mwenzake bila kuandikishwa huitwa pirate, yaani haramia.

Likizo inapofika, mizani inapinduka. Aliyekuwa na kitanda hana tena, kwa sababu jengo limefungwa. Aliyekosa kitanda mwezi Novemba akalazimika kupanga chumba mtaani, yaani geto, ndiye sasa mwenye paa. Anayebeba na anayebebwa wanabadilishana nafasi, na urafiki uliojengwa kwenye godoro moja la hosteli unadaiwa riba.

Sababu za chuo kufunga mabweni si za ukorofi. Kuna mabomba ya kuziba, milango ya kurekebisha, rangi ya kupaka, na kuna kunguni. Huwezi kupulizia dawa ya kunguni chumba chenye watu, magodoro na nguo, na asiyewahi kulala kwenye dabodeka la hosteli asicheke. Kuna pia hesabu za pesa. Maji, umeme na walinzi wa jengo zima kwa ajili ya watu ishirini ni hasara, na baadhi ya vyuo hutumia majengo yale yale kulaza wageni wa makongamano na kozi fupi. Kwa mhasibu, kitanda kinahesabiwa kwa kalenda ya masomo. Muhula ukiisha, na kitanda kimeisha.

Zamani kalenda hiyo haikuuma sana. Kabla ya miaka ya tisini serikali ilibeba karibu gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu, ikiwa ni pamoja na safari ya kumfikisha kwao na kumrudisha. Sera ya kuchangia gharama ilipoingia mwaka 1992, nauli ya kwenda na kurudi nyumbani ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuwekwa mabegani mwa wanafunzi na wazazi. Chakula na malazi vikafuata. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaanza kazi, na bumu, kama wanafunzi wanavyoiita pesa yao ya kujikimu, likawa ndiyo roho ya maisha ya chuo. Kwa miaka mingi lilikuwa Sh8,500 kwa siku, kisha likapandishwa hadi Sh10,000. Ila siku hizo ni siku za masomo. Likizo haina bumu, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kigoma anapoanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa kilomita 1,254. Bukoba kwa barabara ni mbali zaidi. Mpaka mwaka 2023, yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, mabasi ya Bukoba yalilazimika kulala njiani na abiria wakajibanza kwenye viti au gesti za Kahama. Sasa safari imefupika, lakini mapumziko ya katikati ya mwaka, baina ya muhula wa kwanza na wa pili, nayo huwa mafupi, mara nyingi wiki mbili tu au pungufu. Ukitoa siku za njiani, ukaweka nauli ya kwenda na kurudi na vijizawadi vya mji ambavyo nyumbani haiwezekani kufika bila hivyo, wengi wanaona bora wabaki.

Likizo ndefu, kuanzia Julai hadi Oktoba, ina sababu yake nyingine ya kumbakiza mtu mjini: field. Mafunzo kwa vitendo huchukua kama wiki nane, na kwa kozi nyingi hayaepukiki. Mwanafunzi wa uhasibu, sheria au uhandisi amepata nafasi kwenye ofisi iliyo Posta au kiwanda cha Barabara ya Nyerere. Ofisi imempa barua, meza na pengine chai ya saa nne. Haikumpa pa kulala. Wanaodhaminiwa na Bodi kwa kipengele hicho hupata fedha za mafunzo kwa vitendo, nazo aghalabu hufika wakati mtu ameshakula madeni.

Walimu wanafunzi wamewahi kuligundua suluhisho ambalo wengine wanachelewa kulifikiria. Wao huomba shule iliyo karibu na kwao, au ya wilayani ambako mkuu wa shule hawezi kukosa chumba kwenye nyumba ya mwalimu iliyo wazi. Shule inapata mwalimu wa Hisabati kwa wiki nane, kijana anapata kitanda na ugali wa jikoni kwa mama wa jirani. Kwa nini mwanafunzi wa uhasibu kutoka Songea asiombe field halmashauri ya kwao? Jibu analotoa mara nyingi ni kwamba ofisi za Dar ndizo zenye ajira baadaye. Pengine. Lakini ofisi za halmashauri nazo zina ukaguzi na manunuzi, na usiku analala kwao.

Anayebaki Dar ana milango kadhaa ya kugonga, na wa kwanza ni ule ule aliotoka. Vyuo vingi havifungi kila kitu. Huacha jengo moja au mawili kwa ajili ya wanafunzi wa field, wa uzamili, wa kigeni na wale wanaorudi mapema kufanya sapu, yaani mitihani ya marudio. Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi aliye kwenye zamu za wodini naye kalenda yake haifanani na ya wengine. Tatizo ni kwamba nafasi hizo hazitangazwi kwa tarumbeta. Anayezipata ni yule aliyekwenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi wiki tatu au nne kabla ya mitihani, akiwa na barua ya maombi, nakala ya barua ya field na kitambulisho, akaomba kontroo namba na kulipa kabla foleni haijawa ndefu. Anayekwenda siku ya kukabidhi funguo anakuta orodha imefungwa na warden hana la kumsaidia. Na aliyepata asitegemee kubaki chumbani kwake. Wote hukusanywa jengo moja, na pengine utalala na mtu wa mwaka wa tatu usiyemjua, anayekoroma.

Serikali ya wanafunzi nayo ina kazi hapa. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni DARUSO, vyuo vingine vina majina yao. Waziri wa malazi wa serikali ya wanafunzi ndiye mtu wa kusumbuliwa mapema, kwa kuwa yeye hukaa kwenye vikao ambavyo mwanafunzi wa kawaida haalikwi.

Mlango wa pili ni ndugu. Karibu kila mwanafunzi wa mkoani ana shangazi, mama mdogo au mjomba jijini, na mila inasema hawezi kumkatalia. Hawezi kweli, ila nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wanne ina lugha yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mjini ni vyombo vya asubuhi, watoto wa kupeleka shule, maji ya kuchota yakikatika, na duka la shangazi la kulinda Jumamosi. Mwanafunzi analala sebuleni, maana yake halali mpaka taarifa ya habari iishe na mechi ya Simba ichambuliwe. Saa kumi na moja alfajiri anatoka Gongo la Mboto kuwahi Posta. Wanaolifanikisha hili ni wale wanaosema mapema watakaa kwa muda gani, wanaochangia unga na mafuta hata kidogo, na wasiosubiri kuonyeshwa ufagio uko wapi.

Kuna nyumba ambazo mambo huharibika kwa namna nyingine. Msichana anayelala sebuleni kwa ndugu ambako wanaume wanaingia na kutoka, au anayeahidiwa chumba na bosi wa ofisi ya field, anaingia kwenye hatari ambayo haizungumzwi wakati wa kugawa barua. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Mwenye mamlaka kazini anayedai ngono ili atoe huduma, alama au upendeleo anashtakiwa chini ya kifungu hicho. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa bure kwa namba 113. Inafaa kila chuo kiibandike namba hiyo kwenye barua ya field yenyewe, chini ya muhuri.

Nyumba za taasisi za dini na za vijana zinasahaulika kirahisi. YWCA, karibu na Posta Mpya, na Msimbazi Center ya Kanisa Katoliki kule Ilala, ni sehemu zinazojulikana za kulala kwa bei ya chini kuliko hoteli. Kwa wiki nane si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi, lakini kwa usiku tatu au nne kati ya kufungwa kwa hosteli na kuanza kwa field, zinamwokoa mtu na benchi la stendi. Vikundi vya wanafunzi wa dini mbalimbali vina mtandao wao pia. Mzee wa kanisa mwenye nyumba ya uani isiyo na mpangaji, au familia ya msikitini iliyosomesha watoto wakaondoka, hupatikana kwa neno moja la kiongozi wa kikundi. Wakati wa Pasaka, makongamano ya wanafunzi hulaza vijana madarasani kwa siku kadhaa, na wapo wanaohudhuria kwa mapenzi ya neno na ya godoro kwa pamoja. Hakuna dhambi hapo.

Halafu kuna geto.

Chumba kimoja Msewe au Changanyikeni hakikodishwi kwa wiki nane. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka mzima, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Chukulia chumba cha Sh60,000 kwa mwezi: miezi sita ni Sh360,000, dalali Sh60,000, jumla Sh420,000 kabla hujanunua hata pazia. Kwa mtu anayehitaji siku hamsini na sita, hiyo ni sawa na kulipa zaidi ya Sh7,000 kila usiku. Ndiyo maana watu hawapangi. Wanabebana.

Ukiingia kwenye geto la namna hiyo mwezi Agosti utakuta kitanda cha futi nne kikiwa na watu wawili, na sakafuni magodoro mawili ambayo asubuhi husimamishwa ukutani ili mlango ufunguke. Mabegi yamepangwa hadi dirishani. Jiko la gesi la kilo sita liko kona, juu yake sufuria ya wali wa jana. Nyuma ya mlango kuna karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa selotepu, yenye majina na tarehe: nani kanunua umeme wa LUKU wa mwisho, kiasi gani, zamu inayofuata ya nani. Pasi imepigiwa mstari mwekundu. Anayetumia pasi anaongeza Sh500. Karatasi hiyo ndiyo mkataba, na ugomvi mwingi wa geto huanzia pale mtu anapojifanya haioni.

Mwenye nyumba naye ana macho. Alipangisha mtu mmoja, sasa anahesabu jozi nne za ndala mlangoni, na bili ya maji ni ya wote uani. Wajanja humwendea kabla hajauliza: baba, nina wenzangu watatu wa field hadi mwisho wa Septemba, tutaongeza kidogo kwenye maji. Baba mwenye nyumba aliyeombwa ruhusa ni mtu tofauti kabisa na aliyegundua mwenyewe saa tano usiku.

Vipo vipindi ambavyo hakuna hata siku moja ya kupanga. Mwisho wa Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliambiwa warudi nyumbani, na wakapewa muda wa saa 24 kuondoka. Mzozo wa walimu wao kuhusu malipo ulikuwa umekwamisha masomo. Vijana wengi walikuwa wametoka kidato cha nne, wengine hawana nauli mfukoni, wakajikuta stendi ya Dodoma na masanduku yao. Suala hilo lilizua mvutano mkubwa Bungeni, umbali wa kilomita chache tu. Miaka minne baadaye, Machi 2020, vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya korona, na vikafunguliwa Juni 1. Mara zote mbili aliyekuwa na namba ya simu ya mtu mwenye geto alilala ndani.

Kwa wengine, neno nyumbani lenyewe lina geti na mlinzi. Mwanafunzi mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, anayesoma kwa ufadhili kama wa DAFI, mpango wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, akifunga chuo familia yake iko kambini. Nchini Kenya kutoka na kuingia Kakuma au Dadaab kumehitaji kibali. Tanzania, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na ruhusa kabla ya kutoka kambi kama Nyarugusu. Akienda likizo, anahitaji karatasi ya kumrudisha darasani, na ikichelewa, muhula unaanza bila yeye. Wapo wanaoamua kubaki mjini kwa kuogopa karatasi kuliko kwa kukosa nauli.

Na anayedhani Ulaya au Marekani mambo ni tofauti, aulize Mtanzania au Mkenya aliyefika huko Agosti na masanduku mawili. Mabweni mengi ya Marekani hufungwa wiki tatu au nne kati ya Desemba na Januari, katikati ya baridi ambayo mtoto wa Tanga hajawahi kuiota. Tiketi ya kurudi Dar kwa wiki tatu ni ada ya muhula wa mtu mwingine. Wanaojua husoma mkataba wa bweni kabla ya kusaini, wakachagua jengo linalobaki wazi likizo hata kama ni ghali kidogo, au wanaomba kazi ya chuoni. Mwenye viza ya F-1, anayebanwa na saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, anaruhusiwa kufanya kazi chuoni muda wote wakati wa likizo rasmi. Kuna pia vyuo vinavyomtafutia mgeni familia ya kula nayo sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. California imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 ilipitisha sheria ya kuwapa vijana waliolelewa chini ya uangalizi wa serikali kipaumbele kwenye mabweni yanayobaki wazi likizo, na mwaka 2015 ikawaongeza wasio na makazi. Watunga sheria walikuwa wamelikubali jambo ambalo kalenda ya chuo hailijui: si kila mwanafunzi ana mlango wa kurudia.

Tanzania yatima wanatambuliwa wakati wa kuomba mkopo. Cheti cha kifo cha mzazi kinaambatanishwa na kinahesabiwa. Wakati wa kugawa vitanda vya likizo, cheti hicho hicho kingeweza kuhesabiwa mara ya pili bila kujenga hata tofali moja. Ujenzi nao haujakoma. Mabweni yaliyozinduliwa Mlimani Aprili 15, 2017, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yalipunguza sana msongamano wa muhula. Ila ni kitanda cha muhula kilichoongezeka.

Oktoba inapokaribia ishara zinaonekana. Harufu ya rangi mpya korido za hosteli, tangazo la maombi ya vyumba, wenye sapu wakirudi na mabegi madogo. Mwaka wa kwanza wanapewa kipaumbele, kwa hiyo aliyekabidhi ufunguo Julai hana uhakika wa kuupokea tena. Orodha inatoka, jina halimo. Jioni anarudi Msewe, anakaa kwenye godoro lake lililosimama ukutani tangu asubuhi, na mwenyeji hamuulizi kitu. Anachukua kalamu, anafuta neno "mgeni" lililokuwa kwenye mabano pembeni ya jina la mwenzake katika ile karatasi ya LUKU, kisha anamwambia kodi ya miezi sita ijayo watagawana tatu kwa tatu, na pasi bado ni mia tano.